Barabara Iliyopita Nyumbani kwa Mzee Lohay

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa panga. Nilikuwa nimetoka chuoni na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki, nimevaa sketi aliyonishonea mama kwa ajili ya siku ile, nikidhani nitaonyeshwa meza na kiti. Bwana Massawe, mpima ardhi aliyeongoza kikosi chetu, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaninyooshea panga. "Binti, mstari wetu unapita katikati ya kile kichaka," alisema. "Na mstari hauzunguki." Nikaingia kichakani. Jioni nilirudi na mstari uliosafishwa vizuri na nusu ya sketi.

Nawaandikia ninyi mliobaki ofisini, mnaopima kwa mashine zinazozungumza na setilaiti. Nimestaafu juzi tu, na asubuhi bado naamka nikitafuta buti zangu uvunguni. Atakayetaka kujua nilipanda vyeo gani aende masijala. Wao wanayatunza mambo hayo kuliko mimi. Mimi nataka kuwasimulia kazi yenyewe, na zaidi ya yote nyumba moja ya kule nyuma ya mnada wa Karatu.

Kikosi cha Bwana Massawe kilikuwa kinatafuta upya mipaka ya ukanda wa reli ya zamani, pembezoni mwa jiji la Arusha. Treni zilikuwa zimeacha kupita kwa miaka mingi, na watu hawakukaa kuzisubiri. Nguo zilianikwa juu ya vyuma, mabanda ya kuku yalijengwa kati ya mataruma, na kulikuwa na baba mmoja aliyejenga jiko lake akitumia reli yenyewe kama msingi. Msingi imara kweli, sikuwahi kuona jiko lililonyooka vile. Kazi yetu ilikuwa kuwaambia watu hawa kwamba mahali wanapoishi ni njia.

Hapo ndipo nilipojifunza kwa Bwana Massawe kwamba mtu husalimiwa kwanza, mashine hufunguliwa baadaye. Mtu akikuta miguu mitatu ya chuma imesimama mbele ya mlango wake kabla hajakuona wewe, kila utakachomwambia siku hiyo atakisikia kwa masikio ya hasira. Alikuwa anapiga hodi, anakaa anapoonyeshwa, anaeleza bila kupunguza wala kuongeza. Hata rangi nyekundu ya alama ya kubomoa alimuuliza kwanza mwenye nyumba aiweke upande gani. Mama mmoja alimwambia, "Weka nyuma, baba, watoto wasiione wakirudi shule." Bwana Massawe akazunguka nyuma na kopo lake, akapiga alama pale karibu na karo la maji machafu. Wakaguzi walipokuja waliitafuta nusu saa nzima, na yeye alikuwa amekaa kwenye jiwe akiwatazama, anakunywa uji.

Kutoka hapo nilipelekwa wilaya ya Ngorongoro, kupima njia za mifugo za kwenda kwenye maji, huko Enguserosambu na Oloipiri. Mimi ni Mwiraqw wa Baray, mtoto wa vitunguu; ng'ombe niliowazoea ni wa kulimia. Dereva wetu, Lemayian, alikuwa mwenyeji wa kule, na ndiye aliyenifundisha kwamba njia ya ng'ombe haina upana mmoja: kiangazi inabana, masika inatanuka. Tulisimika bikoni za zege, zile nguzo fupi za mpaka, kwa jasho jingi. Ng'ombe walizipenda sana. Tuliporudi baada ya mvua tulizikuta zimelala chini zote, zimeng'aa kwa ng'ombe kujikunia. "Zimefanya kazi," Lemayian alisema, "ila siyo kazi yenu." Nilipohamishiwa Karatu gari letu nalo lilihamishwa, na Lemayian akaja na gari. Tumefanya kazi pamoja mpaka nilipoondoka.

Mnaifahamu Karatu ya leo. Nilipokuwa msichana ilikuwa mstari wa maduka kando ya barabara ya kwenda kreta ya Ngorongoro, na vumbi jekundu. Sasa kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, magari ya watalii yamepanga foleni ya mafuta, malori ya vitunguu yanapanda kutoka Eyasi, na kila kijana aliyepata kazi loji anatafuta chumba. Vyumba vingi vilijengwa kwenye ule mtaa wa nyuma ya mnada. Vilijengwa kwa haraka, mgongo kwa mgongo, mpaka njia ya kupita ikabaki ya mtu na ndoo yake. Siku moja mama mjamzito alibebwa kutoka mle ndani akiwa amelazwa juu ya mlango wa mbao, kwa sababu gari lilishindwa kuingia. Alijifungua salama, lakini mkutano wa mtaa uliofuata haukuzungumzia kitu kingine. Watu wenyewe ndio walioomba barabara.

Mradi ulipokuja tukapewa ramani: barabara pana ya lami kutoka mnadani hadi barabara kuu, mitaro pande zote mbili, na viwanja vipya upande wa juu kwa wale ambao nyumba zao zingeliwa. Habari za fidia sizisimulii, zilikuwa na wenyewe. Mimi na Lemayian tulianza kupita nyumba kwa nyumba, na ndivyo tulivyofika kwa Mzee Lohay.

Alikuwa fundi seremala wa zamani, mrefu, mwembamba, mwenye koti la sufu lililofungwa vifungo vyote. Alitusikia tukipiga hodi, akaja mlangoni mwenyewe, akatukaribisha ndani, akatuvutia viti. Alikwenda jikoni, akarudi na chupa ya chai na vikombe vimening'inia vidoleni, akamimina bila kumwaga hata tone. Nilimwamkia, tukazungumza Kiiraqw kidogo, akaniuliza kwetu ni Baray ya juu au ya chini. Kisha nikamkunjulia ramani na kumwonyesha mstari ulivyopita.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaipapasa. "Karatasi nzuri," alisema.

Mke wake, Bibi Martina, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mbaazi. "Mwambie kwa mdomo, mwanangu," alisema taratibu. "Huyu haoni. Ni miaka mingi sasa. Macho yalimwishia polepole, na sisi tukazoea polepole."

Nilitazama ile chai. Lemayian naye aliitazama. Nikakaa upya kitini, nikamweleza kwa mdomo: barabara inaingilia upande wa jiko, inapita sebuleni na chumbani, inatokea kwenye zizi la mbuzi. Hakibaki kitu.

Mzee Lohay alisikiliza hadi mwisho. "Barabara nimeitaka tangu zamani," alisema. "Nyumba ibomoeni, mimi ni fundi, najua nyumba hujengwa nyingine. Lakini mimi mtanihamishaje? Mimi hapa naona. Naona mlango, naona kitanda, naona mbuzi wangu. Siku mtakayonitoa hapa ndiyo siku nitakayokuwa kipofu."

Hakupandisha sauti. Bibi Martina aliendelea kupepeta mbaazi ambazo zilikuwa zimeshapepetwa.

Nilijaribu kuusogeza mstari. Msije mkadhani mpima anafurahia mstari wake. Nilikaa na mhandisi wa mkandarasi, kijana mpole, tukaupeleka upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na kisima cha shule. Tukaupinda kidogo, akanionyesha kwa kalamu jinsi lori la vitunguu linaloshuka na mzigo litakavyoishia kwenye ile kona. "Mama, hapa nitaua watu," alisema, na alisema kweli. Mstari ukabaki ulipokuwa.

Siku hizo Bwana Massawe alikuwa ameshastaafu, yuko kwake Kibosho analima kahawa. Nikampigia simu. Nilimweleza yote, nikitegemea ataniambia nimefanya nilichoweza.

"Nyumba umeipima?" aliuliza.

"Nimeipima, baba. Kona zote."

"Kona za nje." Nilimsikia akikohoa. "Na ndani?"

Hakuna sheria inayomtaka mpima apime ndani ya nyumba itakayobomolewa. Tunapima kuta za nje, tunaandika aina ya paa, tunaondoka. Nilikata simu, nikamwita Lemayian alete mkanda mrefu na mfupi.

Tulishinda kwa Mzee Lohay siku nzima, na ni siku ya kazi ninayoikumbuka kuliko zote. Nilimwambia: "Baba, kiwanja kipya kipo. Nataka nyumba yako tuihamishe kama ilivyo. Tembea, utuonyeshe unaonaje." Akatembea. Mahali alipogusa, Lemayian alishika mkanda, mimi nikachora. Aligusa fremu ya mlango pale ambapo kiganja chake kilikuwa kimelainisha mbao. Akagusa msumari wa koti, ncha ya meza, ukuta wenye ufa ambao aliufuata kwa kidole hadi chumbani. Sakafuni, karibu na mlango wa nyuma, palikuwa na kinundu cha saruji.

"Hiki tutakiacha," nilisema. "Fundi atasawazisha."

"Usikiache! Hicho ndicho kinachoniambia nimefika mlangoni. Bila hicho nitapiga uso ukutani kila siku ya Mungu."

Nikakichora kinundu. Uani kulikuwa na waya uliofungwa kutoka ukutani hadi chooni, na mwingine hadi kwenye zizi. Tukapima waya, urefu wake na kulegea kwake. Bibi Martina alikuwa ameanza kwa kununa. Kufikia mchana alikuwa anacheka mpaka machozi, akituonyesha vitu. "Pimeni na hili jiwe, ndipo anapojikwaa kila Jumapili akienda kanisani, akilikosa atadhani siyo Jumapili!" Tulilipima. Baadaye tulilihamisha lenyewe, kwa gari.

Jioni tukiaga, ni Bibi Martina aliyeona kitu ambacho sisi wote hatukukiona. "Mwanangu, hiyo nyumba mpya mlango wake utatazama wapi?"

"Utatazama mtaa mpya, mama. Ndivyo mpango wa viwanja ulivyo."

"Basi itakuwa kinyume. Hapa asubuhi akikaa kwenye kiti chake jua linampiga shavu la kushoto, ndipo anajua kumekucha vizuri. Kengele ya kanisa inaingilia dirishani, kelele za mnada zinaingilia mlangoni. Mkiigeuza, kila kitu ndani kitakuwa mahali pake na yeye atakuwa amepotea."

Ilibidi nyumba iupe mtaa mgongo. Ofisa mipango miji wetu, Edwin, hakutaka kusikia. Mnamkumbuka Edwin, alikuwa akikasirika anapiga pasi shati kwa viganja. "Mama, nyumba moja ikikaa kinyume, kesho watakuja kumi," alisema. "Na maji ya mvua ya uani kwake yataelekea wapi?" Lilikuwa swali zuri. Sikubishana naye. Nilimwomba tu anisindikize kwa mzee.

Sijui walizungumza nini. Mimi nilikuwa nje na Bibi Martina, nachambua mboga. Niliwaona tu wakipita uani, Mzee Lohay mbele, mkono mmoja juu ya waya, Edwin nyuma yake, wanakwenda kuwaangalia mbuzi. Walikaa huko muda mrefu. Wiki ile Edwin alichora upya mtaro wa maji wa mtaa ule wote, ili nyumba moja iweze kugeuka.

Fundi aliyejenga alilalamika kila siku. Alikuwa hajawahi kuombwa kujenga kinundu. Ukuta wenye ufa alikataa katakata, akasema jina lake litaharibika. Tukakubaliana achore mfereji mwembamba wa kidole kwenye plasta, kuanzia sebuleni hadi chumbani. Mzee Lohay, seremala, alidai fremu ya mlango ing'olewe na kuhamishwa ileile, akasimama hapo mpaka ilipokaa sawa. "Milimita mbili kushoto," alisema, na fundi akanitazama kama anayetaka kulia.

Siku ya kuhama alikataa kushikwa mkono. Alishuka kwenye gari, Bibi Martina akamweka mbele ya mlango, akaachiwa. Aligusa fremu. Akaingia. Tukamsikia akipita sebuleni, msumari wa koti, meza, kidole kwenye mfereji, chumbani, kurudi, mlango wa nyuma, kinundu. Tulipoingia tulimkuta amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Ni yenyewe," alisema. "Kila kitu kipo." Halafu akaanza kulia. "Lakini haininukii. Inanuka saruji. Nimo ndani ya nyumba yangu na simo."

Kwa hilo hakuna mkanda. Nilisimama pale na ramani yangu kama mtoto aliyeleta zawadi isiyotakiwa. Bibi Martina alikwenda jikoni, akawasha moto wa kuni alizokuja nazo kutoka nyumba ya zamani, akaacha mlango wazi moshi uingie ndani. Kesho yake akawasha tena. Majirani wapya walidhani nyumba inaungua.

Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya, sitawadanganya. Alianguka uani. Aliacha kwenda kanisani. Lemayian alikuwa akipitia pale karibu kila siku, akisingizia kwamba gari linataka maji, mpaka nikamuuliza kama rejeta imetoboka. Kisha asubuhi moja simu ikaita, Bibi Martina. "Njoo," alisema, akakata simu. Tulikwenda mbio. Alitupokea nje, kidole mdomoni, akatuongoza hadi kona ya nyumba. Mzee Lohay alikuwa zizini peke yake, amechutama, anakamua mbuzi na kumgombeza kwa Kiiraqw kwa kumkanyagia koti. Alikuwa ametoka kitandani, amepita ndani, amepita uani, hakuna aliyemwongoza.

"Hakuniamsha," Bibi Martina alinong'ona. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. "Ameamka, amekwenda. Kama zamani."

Barabara ilimalizika wiki zangu za mwisho kazini. Lami ilikuwa imeshakaa lakini mkandarasi alikuwa bado hajaondoa mapipa, magari hayajaruhusiwa. Nilikuwa napita kuhakiki bikoni za pembeni, mambo ya kumalizia, nilipopata ujumbe kwamba Mzee Lohay anataka kupelekwa palipokuwa kwake. Niliogopa. Nilimweleza mhandisi, naye akawaambia wenye mashindilio ya lami wazime injini, wapumzike, wanywe chai.

Tukaingia kwa miguu, yeye, Bibi Martina na mimi. Jua lilikuwa limepanda kidogo na lami ilikuwa imeanza kupata joto. Alivua viatu, akampa mkewe.

"Tuko wapi?" aliuliza.

Niliangalia mashine yangu. "Tumeshapita mlangoni kwenu, baba. Hapa ulipo ni sebuleni."

Alisimama. Akageuza uso huku na huku, akitafuta ukuta, na ukuta haukuwepo. Nilikuwa najiandaa kwa lolote.

"Martina," alisema, "sebule imekuwa kubwa."

"Imekuwa kubwa kweli."

"Tungejua mapema tungezaa wengine."

"Ishia hapo!" Bibi Martina alimpiga begani kwa kiatu, anacheka, anafuta macho. Kisha wakabaki wamesimama wote wawili katikati ya barabara, na sikutaka kuwaharakisha.

"Inakwenda mpaka wapi?" aliniuliza baadaye.

"Mbele hivi inafika barabara kuu. Imenyooka."

"Kuna kitu njiani?"

"Hakuna kitu, baba."

"Jiwe? Shimo? Mtu?"

Nilitazama. Ilikuwa nyeusi, pana, tupu kutoka ukingo hadi ukingo. "Hakuna kitu chochote."

Akauachia mkono wa mkewe. Alipiga hatua moja ya kujaribu, ya pili, mikono mbele kama kawaida yake. Kisha mikono ikashuka. Akaanza kutembea. Akatembea kama mtu anayewahi mahali, kifua mbele, koti linapepea, hakugusa waya, hakugusa ukuta, hakugusa mtu. Wale vijana wa mashindilio waliinuka na vikombe vyao mkononi.

"Lohay!" Bibi Martina aliita. "Wewe Lohay! Taratibu!"

Hakupunguza mwendo. Tukamfuata kwa nyuma, Bibi Martina na viatu vya mumewe mkononi, mimi na mashine yangu begani, tukijitahidi kutoachwa.